UZI: Shampeni ni jina la mahali wakuu, sio jina la kila chupa inayotoa povu

Mkata_Zabibu

Wakuu salaam.

Uzi huu umeanzia kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya harusi ya mdogo wangu, harusi iko Dar mwezi wa 12. Juzi ikatupwa bajeti, mstari wa vinywaji umeandikwa "shampeni katoni 6". Nikauliza shampeni ya wapi? Nikajibiwa "kwani shampeni inakuaga ya wapi, ile ya kufungulia ukumbi inayoruka kizibo." Nikatuma picha ya chupa waliyoichagua nikawaambia jamani hiyo ni juisi ya zabibu yenye gesi, haina hata kilevi, mzee mmoja kwenye kamati akaniambia "wewe umekaa Ulaya miaka minne unatufundisha kunywa." Nikanyamaza. Ila limenikaa rohoni ndo maana nalileta huku kwenu.

Mimi nipo Troyes, inatamkwa Trua, kusini mashariki ya Paris mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni. Nilikuja kwa shule, na kila msimu wa mavuno naenda kufanya kibarua cha kukata zabibu kijiji kinaitwa Les Riceys, kusini kabisa ya eneo la Champagne, karibu udondokee Bourgogne, eneo jirani la mvinyo. Kwaiyo ninachoandika hapa sio cha kusoma tu, kingine nimekipata mgongo ukiuma, maana sheria ya huku zabibu za shampeni lazima zikatwe kwa mkono, mashine marufuku.

Sasa tuanze na jina. Champagne ni neno la zamani linatokana na Kilatini, campania, yaani nchi ya uwanda, sehemu wazi isiyo na msitu. Ni mzizi ule ule wa Campania ya Italia kule Napoli. Kwaiyo kabla ya chupa, kabla ya povu, kabla ya mtu yeyote kuruka na kizibo, Champagne ilikuwa ni UWANDA. Eti hata sehemu moja ya uwanda huo wenyewe walikuwa wanaiita Champagne pouilleuse, tafsiri yake ya mtaani ni Champagne ya chawa, yaani fukara, ardhi ya chaki nyeupe kavu haioti kitu cha maana, kondoo tu. Leo hapo kuna ngano na viazi sukari vya kufa mtu baada ya mbolea kuja, ila jina la chawa liliwakaa karne na karne.

Alafu Wafaransa wana kitu kizuri, nchi ni "la Champagne" na kinywaji ni "le champagne". Jinsia ya neno inakwambia anaongelea nini. Sisi tuna ngeli za kutosha kabisa za kutenganisha, Champagne kule na shampeni hii, ila tumezimeza zote kwenye chupa moja.

Nitaendelea, kuna story ya 1911 watu walichomeana nyumba kwa sababu ya hili jina.

kibonge_wa_tabata

Mkuu umenikosha, ila swali la mtu mjinga: kama ni jina la mahali basi lina mipaka, mipaka inaanzia wapi inaishia wapi?

MzeeWaKamati

Haya yule mzee wa kamati ni mimi. Nipo humu nasoma. Endelea tu mwanangu, ila bajeti haibadiliki.

Mkata_Zabibu

😂😂 shikamoo mzee. Sikujua upo humu.

@kibonge mipaka ndo utamu wenyewe. Eneo la mizabibu ni kama hekta 34,000, vijiji kama 320, limesambaa mikoa mitano: Marne ndo kubwa, Aube huku kwetu, Aisne, na vipande vidogo Haute-Marne na Seine-et-Marne. Sio shamba moja limetandazwa, ni vipande vipande, mwenye ramani ataona kama mtu kamwaga mchele sakafuni.

Kaskazini kuna Montagne de Reims, wanaiita mlima ila mkazi wa Moshi ukimpeleka atakuuliza mlima uko wapi, haifiki hata mita 300 kutoka usawa wa bahari. Hapo wanapanda sana zabibu aina ya pinot noir. Katikati kuna bonde la mto Marne, zabibu aina ya meunier inatawala kwa sababu inavumilia baridi ya bondeni. Kusini ya mji wa Épernay kuna Côte des Blancs, mteremko unaoangalia mashariki, chardonnay karibu tupu, ndo maana ya jina, mteremko wa zabibu nyeupe. Chini yake Sézanne. Alafu unaruka kilomita nyingi za mashamba ya ngano hamna mzabibu hata mmoja, ndo unatufikia sisi, Côte des Bar.

Na kabla mtu hajaanza: Côte des Bar sio mtaa wa mabaa. Ni kutokana na miji miwili Bar-sur-Seine na Bar-sur-Aube.

Msee_wa_Rongai

Yaani mimi tayari nilikuwa nimebook fare 😂😂 nikadhani ni kama Electric Avenue ya Westlands.

Mkata_Zabibu

😂 Utashuka ukute kijiji saa 1 jioni kimeshafunga hadi duka la mkate.

Sasa 1911. Nielezeni mkinisikia vibaya maana nitaandika kwa mkupuo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa zabibu walikuwa wameshikwa pabaya. Kulikuwa na mdudu phylloxera anakula mizizi, hali ya hewa mbovu, 1910 mavuno yakawa karibu sifuri. Huku makampuni makubwa ya Reims na Épernay, baadhi yao, yanaagiza zabibu na mvinyo wa bei chee kutoka kusini na bonde la Loire kwa treni, wanatia povu, wanabandika lebo Champagne. Mkulima wa hapa anakufa njaa na jina lake linauzwa. Serikali ikaona isiwe tabu tuchore mpaka, 1908 ikatoa amri: Champagne ni Marne pamoja na kipande cha Aisne. Aube nje.

Wakuu. AUBE NJE. Na mji mkuu wa Aube ni Troyes. Na Troyes ndo ulikuwa mji wa watawala wa Champagne wenyewe zamani, enzi za magulio makubwa ya Champagne karne ya 12 na 13, wafanyabiashara wanatoka Italia na Flanders wanakutana hapa, inasemekana hata ile aunzi ya kupimia dhahabu mpaka leo, troy, imechukua jina la mji huu. Kwaiyo ni kama umchukue mtu ndani ya mji wa Chifu umwambie wewe sio wa ukoo huu.

Watu wa Marne nao walikuwa na hoja zao sio kwamba ni roho mbaya tu. Walisema nyie wa Aube udongo wenu sio wa kwetu, mnalima gamay, zabibu ya aina nyingine, Bar-sur-Seine yenyewe kuna kipindi ilikuwa chini ya Bourgogne, mnatuletea nini.

Januari 1911 watu wa Marne wakaanza kuvamia maghala ya waliokuwa wanashukiwa kuleta mvinyo wa nje, wakamwaga mvinyo mto Marne. Aube nao wakaandamana kudai warudishwe. Bunge kule Paris likayumba, Aprili ikasikika kwamba mipaka itafutwa kabisa, basi usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Aprili Marne ikawaka, hasa mji unaitwa Aÿ, maghala yalivunjwa, nyumba zikachomwa, jeshi likashushwa. Serikali ikatafuta njia ya katikati, Juni mwaka huo huo ikawaambia Aube haya nyie mtakuwa "Champagne ukanda wa pili", kwa lugha ya mtaani daraja la pili. Yaani uandike kwenye chupa yako mwenyewe kwamba wewe ni daraja la pili! Nani atanunua?

Vita ya kwanza ikaja ikazima kila kitu. Mpaka 1927 ndo ilipitishwa sheria ikaitambua Aube kuwa Champagne kamili, ila wakatakiwa waachane na gamay, wapande zabibu zinazokubalika. Wazee wa huku Les Riceys ukiwagusia 1911 wanaiongelea kama ya jana.

Mwl_Jiografia

Mleta uzi pongezi, ila naona unaipeleka kwenye siasa tupu. Mipaka ya mvinyo inategemea udongo na tabianchi. Chaki je? Huwezi kusema mpaka ni wa watu tu wakati chini kuna mwamba.

Mkata_Zabibu

Mwalimu shikamoo. Nakubali kwa nusu.

Chukua sahani za kuliwa ubwabwa, ukubwa tofauti, zipange moja ndani ya nyingine, kubwa chini ndogo juu. Hilo ndo bonde la Paris. Paris iko kwenye sahani ya juu kabisa katikati. Ukitoka Paris kuelekea mashariki unakanyaga kingo za sahani moja baada ya nyingine, na kadiri unavyotoka nje ndivyo mwamba unavyozidi kuwa wa zamani. Kingo moja ndo chaki ya Épernay na Reims, imetokana na viumbe vidogo vya bahari vya miaka zaidi ya milioni 70 iliyopita. Ile chaki inafanya kazi kama sponji, mvua ikinyesha inanyonya, jua likiwaka mzizi unaenda kunywa humo humo. Na ni laini kuchimba, Reims chini kuna mashimo makubwa walichimbia mawe tangu enzi za Warumi, leo ndo maghala ya chupa, baridi ya nyuzi 10 au 12 mwaka mzima bila friji.

Endelea nje zaidi unafika sahani ya kwetu, Côte des Bar. Hapa HAKUNA ile chaki mwalimu. Ni chokaa ya zamani zaidi na tope gumu la kijivu lenye visukuku vya chaza wadogo wadogo, wanaita Kimmeridgian, jina la kijiji cha pwani ya Uingereza. Unajua nani mwingine ana udongo huo? Chablis. Chablis ni Bourgogne. Na kutoka Les Riceys Chablis ni karibu kuliko Épernay, tena karibu mno.

Kwaiyo kama mpaka ungechorwa na mwamba peke yake, sisi tungekuwa Bourgogne. Kama ungechorwa na historia, sisi ndo Champagne namba moja. Ulichorwa na watu waliokuwa na hasira. Mwamba upo ndio, lakini mwamba haujawahi kuandamana.

Mwl_Jiografia

Hapo umenipata. Nitaitumia hiyo ya sahani darasani.

Chausiku_K

Jamani na mimi niulize. Nimewahi kununua chupa supamaketi imeandikwa Crémant, muuzaji akaniambia ni shampeni ya kijiji fulani huko huko. Nimepigwa?

Mkata_Zabibu

Dada Chausiku hujapigwa bei, umepigwa story 😂. Hapo kuna maneno mawili yanafanana. CRAMANT ni kijiji, kipo Côte des Blancs, ni kati ya vijiji 17 vyenye hadhi ya juu kabisa vinaitwa grand cru. CRÉMANT ni mvinyo wa povu wa Ufaransa unaotoka NJE ya Champagne, kuna wa Alsace, wa Bourgogne, wa Loire. Zamani watu wa Champagne nao walitumia neno crémant kwa chupa zao zenye povu la upole, wakaliachia, huku hao wengine wakiachia maneno "méthode champenoise" yaani kutengeneza kwa njia ya Champagne. Siku hizi kwa Ulaya nje ya Champagne huwezi kuandika hivyo, unaandika "njia ya jadi" basi, ingawa kazi ni ile ile: mvinyo unawekwa kwenye chupa na sukari na hamira, unachachuka mara ya pili humo humo ndani, gesi inakosa pa kutokea.

Crémant nzuri ni nzuri kweli, na bei ni ya binadamu. Mimi ndo ninayokunywa 😂 ya kibarua changu sijawahi kuinunua, nimepewa tu siku ya mwisho ya mavuno.

mtoto_wa_bandarini

Hawa jamaa ni wachoyo tu. Jina limeshakuwa la dunia, mbona sisi hatujawashtaki watu wanaosema safari? Safari ni Kiswahili, dunia nzima wanauza safari, hatujalia.

Mkata_Zabibu

Mkuu safari sio jina la mahali. Ila uchoyo wao ni kweli na nitakupa mifano uchague mwenyewe kama ni uchoyo au ni akili.

Tangu mkataba wa Madrid wa 1891 wamekuwa wanalinda jina nje ya nchi. 1919 Ujerumani iliposhindwa vita, kwenye mkataba wa Versailles, kati ya mambo ya mipaka na fidia na silaha, kuna vifungu vinaibana Ujerumani iheshimu majina ya mvinyo ya wenzao. Wajerumani wakabaki na jina lao la Sekt. Marekani seneti yao ilikataa kuridhia Versailles, na mwaka uliofuata wakapiga marufuku pombe kabisa, nani angejali, ndo maana mpaka leo kuna chupa zimeandikwa "California Champagne" kihalali, makubaliano ya 2006 na Ulaya yaliwaruhusu wale waliokuwa wanalitumia tayari, wapya hapana.

London 1960 mahakama ilizuia "Spanish Champagne". Wahispania siku hizi wanasema cava. 1993 kampuni ya Yves Saint Laurent ilitoa manukato ikayaita Champagne, mahakama ya Ufaransa ikayazuia, manukato ya kujipulizia jamani sio ya kunywa.

Na Afrika ipo. 1935 Afrika Kusini na Ufaransa waliwekeana mkataba unaojulikana kama mkataba wa kambamti: Ufaransa inunue kambamti wa Cape, Afrika Kusini iache kutumia majina ya mvinyo ya Kifaransa ikiwemo champagne. Jina kwa kambamti! Leo wenyewe wanaita za kwao Cap Classique na zinasifika.

Ya kichekesho zaidi ni Urusi, Julai 2021 walipitisha sheria kwamba neno la Kirusi shampanskoye ni la mvinyo wa Urusi tu, na shampeni ya Ufaransa ikiingia kwao iandikwe nyuma "mvinyo wa povu". Mwenye jina kanyang'anywa jina mlangoni.

mtoto_wa_bandarini

Hiyo ya Urusi nimecheka nimekabwa na chai.

kibonge_wa_tabata

Mkuu kuna sehemu nyingine duniani inaitwa Champagne kihalali? Mfano kijiji tu kikazaliwa na jina hilo, wanafanyaje?

Mkata_Zabibu

Swali la maana kuliko yote humu. Kipo. Uswisi, jimbo la Vaud, karibu na ziwa Neuchâtel, kuna kijiji kinaitwa Champagne. Jina la karne nyingi, maana ni ile ile ya uwanda. Wanalima zabibu, wanatengeneza mvinyo mweupe mtulivu hauna povu hata tone, na lebo waliandika jina la kijiji chao kama kijiji chochote. 1999 Uswisi ikakaa mezani na Umoja wa Ulaya kwenye mikataba mikubwa ya biashara na usafiri wa ndege na kadhalika, humo ndani kijiji kikauzwa: kuanzia 2004 marufuku kuandika Champagne kwenye mvinyo. Wakaenda mahakama ya Ulaya, 2007 wakatupwa. Kwa muda waliuza kwa jina la Libre-Champ.

Hapa ndo mimi na Wafaransa tunapoachana. Nawatetea kwa manukato, nawatetea kwa juisi ya gesi, ila yule mkulima wa Uswisi hakuiba kitu, kaandika anakoishi. Nilimwambia hivyo bosi wa shamba tukiwa tunakula mchana, akajibu "wao wana kijiji, sisi tuna jina." Sikuelewa kama anatania. Na huyo ni mtu wa Aube, babu zake ndo wale wa daraja la pili.

Na ngoja niwachanganye zaidi. Ndani ya Ufaransa hiyo hiyo, kule Cognac kusini magharibi, kuna maeneo yanaitwa Grande Champagne na Petite Champagne. Ni ya konyagi ya zabibu, hayahusiani kabisa na huku, ni uwanda wa chokaa nao wakauita hivyo. Ukiona chupa ya cognac imeandikwa Fine Champagne sio kwamba wamechanganya na shampeni. Hao hawajaguswa. Wapo ndani ya nyumba.

Dada_Mbozi

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa imebidi nilogini. Nyie mnasema Ufaransa mimi naona kwetu. Baba yangu analima kahawa Mbozi, mnajua Japani kahawa yetu inaitwaje? KILIMANJARO. Kwa taratibu zao arabika ya Tanzania inaruhusiwa kuandikwa Kilimanjaro, awe wa Mbozi awe wa Mbinga, mlima hatujawahi kuuona. Ni kama kijiji cha Mkata Zabibu ila kinyume chake, sisi hatukuandamana kuingizwa, tumejikuta ndani.

Mhaya_Original

Isipokuwa Bukoba! Usiruke hapo dada. Taratibu hiyo hiyo inasema Tanzania isipokuwa Bukoba. Sawa sisi tunalima zaidi robusta lakini arabika ipo. Kwaiyo sisi ndo Aube ya Japani, daraja la pili hata hatukupewa. Naomba kujua bei ya kiberiti 😂

Dada_Mbozi

😂😂 kaka weka kiberiti chini. Ila niulize Mkata Zabibu, hilo jina linamsaidia mkulima kweli au linaishia kwa wenye makampuni? Maana kwetu bei ya Kilimanjaro inaishia Tokyo.

Mkata_Zabibu

Dada hapo umegusa mfupa. Linamsaidia, na naliona kwa macho. Hekta moja ya mizabibu ndani ya mpaka kule Marne ni zaidi ya euro milioni moja kwa wastani. Ng'ambo ya barabara, shamba la ngano, udongo unafanana, halifiki hata kipande kidogo cha hapo. Barabara ya vumbi mita tatu ndo tofauti ya tajiri na mkulima wa kawaida. Na wakulima ndo wanamiliki sehemu kubwa ya mashamba, makampuni yenye majina makubwa yana sehemu ndogo tu, yanalazimika kununua zabibu kwao. Hiyo ndo faida ya kuwa na mpaka ulioandikwa kisheria na chombo kimoja ambamo mkulima na kampuni wanakaa meza moja. Kilimanjaro ya Japani ni taratibu za Wajapani wenyewe kwa biashara yao, mkulima wa Mbozi hakuitwa kwenye kikao.

Ndo maana hata sasa mpaka ukiguswa watu hawalali. 2008 ilitoka orodha ya mapendekezo ya kuongeza vijiji kama 40 na kutoa viwili, Germaine na Orbais-l'Abbaye. Fikiria uko kwenye vile viwili.

Msee_wa_Rongai

Aki hao wa Germaine waliamka siku hiyo wakaona gazeti wakaanguka.

Lakini bana swali: si nimeona kwa ramani ya Ufaransa region inaitwa Grand Est? Champagne haiko.

Mkata_Zabibu

Ndugu yangu wa Rongai una macho. Kulikuwa na jimbo linaitwa Champagne-Ardenne. 2016 serikali ikaunganisha majimbo, likaunganishwa na Alsace na Lorraine, jina likawa Grand Est, mashariki kuu. Yaani watu waliopigana dunia nzima kulinda neno moja, serikali yao wenyewe ikalifuta kwenye ramani ya majimbo. Limebaki kwenye chupa, na kwenye miji iliyojichomekea: mji wa Châlons-sur-Marne ulishabadilika miaka ya 1990 ukawa Châlons-en-Champagne, na ile Aÿ iliyowaka moto 1911 ilipoungana na majirani zake wawili Januari 2016 ikajiita Aÿ-Champagne. Huyo sasa kabisa hataki mtu amsahau.

Nyongeza kwa wanaopenda matamshi: Reims tamka Ransi bila kumalizia, Aÿ ni kama "a-ii". Mimi mwezi wa kwanza nilikuwa naomba tiketi ya "Reimzi", kijana wa dirishani ananiangalia tu.

Chausiku_K

Na yule mtawa Dom Pérignon si ndo aliyegundua povu? Nilisikia alisema nakunywa nyota.

Mkata_Zabibu

Hapana dada, hiyo ni tangazo la biashara lililozeeka likaonekana historia. Alikuwepo kweli, mtunza ghala wa abasia ya Hautvillers kuanzia 1668 mpaka alipofariki 1715, fundi wa kuchanganya zabibu za mashamba tofauti. Ila povu enzi zake lilikuwa ni kasoro, chupa zinapasuka ghalani. Na Mwingereza mmoja Christopher Merret alishaeleza London 1662 jinsi wanavyotia sukari kwenye mvinyo ili uchangamke. Wafaransa ukiwaambia hilo wanabadilisha mada.

mtoto_wa_bandarini

Dodoma nao wajipange basi. Zabibu mara mbili kwa mwaka, hao wenzetu mara moja tena wakiwasha mishumaa shambani Aprili kuzuia barafu.

Mkata_Zabibu

Mishumaa ni kweli, usiku shamba zima linawaka kama kuna misa. Dodoma jina wanalo tayari na halina utata wa tafsiri, shida ni nani atachora mpaka na nani atakuwa mezani siku hiyo. Mie nataka niwepo, na Mhaya Original asije na kiberiti.

Mzee wa kamati upo? Umesoma mpaka hapa?

MzeeWaKamati

Nimesoma yote, hadi miwani imeloa. Nimekubali. Kwenye bajeti nimefuta "shampeni katoni 6", nimeandika "kinywaji chenye povu cha kufungulia ukumbi, katoni 6". Nimetuma kwenye grupu saa hizi. Mama yako mdogo ameshajibu, anauliza ni sabuni ya nini hiyo na kwa nini katoni sita.